Kioo cha Dirisha na Heshima ya Mkono

Kioo cha dirisha kikivunjika, aibu haijaingia bado. Mpira wa mtoto, tawi la mti wakati wa dhoruba, dirisha lililoachwa wazi likapigwa na upepo, au mkono uliosukuma fremu yenye kutu kwa nguvu nyingi: hizi ni sababu za kawaida, na kila nyumba yenye madirisha hupata siku yake. Aibu huanza siku ya pili, tundu linapozibwa kwa kadibodi. Hukua katika juma la pili, kadibodi inapolowa mvua ikaondolewa na gunia likawekwa mahali pake. Hukomaa mwaka unapokwisha, wakati wenyeji wa nyumba wamekwisha sahau kwamba pale palikuwa na kioo. Insha hii imeandikwa kuipinga kadibodi ile. Imeandikwa pia kumpinga yule aliyeiweka akaona kazi imekwisha. Na maadamu yule aghalabu ni kijana mwenye afya, elimu na nafasi, yamkini, msomaji, imeandikwa kukupinga wewe.

Wewe umefundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hiyo umeiandika katika insha zako. Umeeleza maana yake ya juu na maana yake ya ndani, na mwalimu amekupa alama. Sasa inua macho uyatazame madirisha ya nyumba yenu. Ikiwa lipo tundu, na wewe hulala chini yake kila usiku, basi umepata alama za hekima bila kuipata hekima yenyewe. Methali haikutungwa ili ikae daftarini. Ilitungwa na watu walioona kuta zikianguka.

Tuyahesabu madhara ya tundu, kusudi mtu asiseme kwamba nagombana na jambo dogo. Katika nchi za juu, kama Limuru, Molo na Nyandarua, baridi ya Juni na Julai huingia usiku kucha, nao wanaoipokea kwanza ni mtoto mchanga na mzee. Karibu na ziwa na pwani, tundu ni mlango wa mbu ambao haufungwi magharibi wala alfajiri. Mvua huingia, fremu ya chuma ikala kutu, fremu ya mti ikaoza, na chokaa ya ukuta ikabambuka. Mwizi hahitaji kuvunja kitu, kwa kuwa amekwisha vunjiwa. Hupenyeza mkono akafungua komeo. Tena yale meno ya kioo yaliyobaki katika fremu hukaa yakingoja kiganja cha mtoto.

Kadibodi nayo haiponyi ugonjwa huu. Sifa ya kioo ni kwamba hufanya kazi mbili zinazoonekana kupingana: huzuia upepo na hupitisha nuru. Mababu waliojenga nyumba za mawe za Lamu walitumia mbao kufunga madirisha yao. Walipotaka kuzuia mvua, sharti waizuie na nuru pamoja. Sisi tumepewa kitu ambacho hakina sharti hilo. Kioo hufanywa kwa mchanga, magadi na mawe ya chokaa, vikayeyushwa pamoja katika joto la digrii 1,500 hivi. Na tangu kampuni ya Pilkington ya Uingereza ilipoitangaza njia yake mpya mwaka 1959, uji ule wa moto huelea juu ya metali iliyoyeyuka ukawa bapa lililo sawa pande zote mbili. Kazi hiyo yote imefanywa ili wewe usome mchana bila taa. Kisha waweka kadibodi na kuwasha taa saa nane za mchana! Hapana hasara ya kipumbavu kupita kununua nuru usiku na mchana, ilhali jua liko nje likigawa nuru bila bei.

Sasa tuzisikilize udhuru, maana mvivu hakosi maneno. Udhuru wa kwanza husema: “Sijui kazi hiyo.”

Namjua kijana mmoja. Jina lake nitalificha, maana huenda likafanana na lako. Alikuwa katika kidato cha nne, na watu wa kijiji walimsifu kwa akili ya sayansi. Kioo cha chumba cha mama yake kilivunjika mwezi wa Aprili. Mama akamwomba akitazame; akajibu kwamba fundi aitwe. Fundi hakuja, na mvua ikaja. Mama akachukua uzi, akaupima upana wa fremu na urefu wake, akapiga mafundo, akapanda matatu mpaka mjini. Akarudi na kioo kimefungwa katika leso, amekipakata kama mtoto mchanga safari nzima. Kioo kilipojaribiwa kilikataa kuingia, kwa kuwa kilizidi kidogo sana, unene wa ukucha tu. Mama akakisukuma, kikapasuka. Kijana alikuwa mezani wakati huo, na kitabu chake cha fizikia kilikuwa wazi mbele yake mahali palipoandikwa habari za metali kutanuka kwa joto. Mtu mmoja tu katika nyumba ile alikuwa na elimu ya kueleza kwa nini kioo hakipimwi sawasawa na fremu, naye hakuinuka. Mama alilipa bei ya vioo viwili. Tofauti ya bei ile ilikuwa ada ya kiburi cha mwanawe.

Msomaji, ukisema kwamba hujui, nitakuambia sasa, na baada ya hapo udhuru huo utakuwa umekufa.

Kwanza jilinde. Vaa glavu nene, viatu vinavyofunika vidole, na miwani ya kukinga macho. Waondoe watoto pande zote mbili za dirisha. Vipande vilivyobaki uving'oe kwa koleo, ukianza juu na kushuka chini, ili kipande cha juu kisikuangukie mkononi. Vifunge katika magazeti mengi na uvitie katika kopo au sanduku gumu. Usivitupe jalalani vitupu. Mkono wa mchukua taka hauna kosa lolote kwako.

Pili, ikwangue puti kuukuu. Puti ni ule mkando wa unga wa chaki na mafuta ya kitani unaoshika kioo; huanza laini kama donge la chapati, na baada ya miaka huwa mgumu kama jiwe. Tumia patasi kuukuu na nyundo ndogo, taratibu. Ndani yake utakuta vibanio vya chuma, au misumari midogo ikiwa fremu ni ya mti, viweke, vitakufaa. Isugue fremu ya chuma kwa brashi ya waya hata kutu iishe, ukaipake rangi ya kuzuia kutu na kuiacha ikauke. Watu wenye haraka huiruka hatua hii. Lakini kutu iliyofichwa chini ya puti hufura, na ikifura huweza kukipasua kioo kipya.

Tatu, pima. Pima upana mahali patatu na urefu mahali patatu, kwa kuwa fremu chache sana zimenyooka kamili. Twaa kipimo kilicho kidogo kuliko vyote katika upana, na kilicho kidogo kuliko vyote katika urefu, kisha kila kimoja ukipunguze milimita 3. Hapa ndipo uzi wa mama yule ulipomponza. Nafasi ile hukisamehe kioo upindaji wa fremu, na huiachia chuma mahali pa kutanuka jua linapowaka. Andika vipimo katika karatasi, uende duka la vioo, uombe wakukatie. Kwa dirisha dogo la nyumba, kioo cha unene wa milimita 3 au 4 hutosha. Uulize puti inayofaa fremu yako, maana puti ya mti hukauka kwa mafuta yake kunywewa na mti, na chuma hakinywi kitu.

Nne, weka. Ikande puti mikononi hata ilainike, uitandaze nyembamba ndani ya fremu pande zote nne. Simamisha kioo juu ya puti ya chini, ukiegemeze mahali pake, kisha ukibonyeze kandokando tu. Usikibonyeze katikati, kioo hakina huruma kwa mtu asiyejua mahali pa kukishika. Rudisha vibanio. Halafu paka puti ya nje na kuipitishia kisu kwa mshazari, ili mvua ikipiga iteremke, isituame. Futa mabaki. Ngoja juma moja au mawili hata puti ishike, ndipo uipake rangi, na rangi iguse kioo kidogo ili maji yasipate njia.

Kazi imekwisha. Haikuhitaji nguvu za ajabu wala siri za ukoo. Ilihitaji asubuhi moja, uangalifu, na hesabu ya kutoa ambayo uliijua tangu darasa la pili.

Sikuambii kwamba kila kioo ni chako. Dirisha la ghorofa ya juu, ambalo lazima uning'inie ili ulifikie, mwachie fundi mwenye vifaa vyake. Kioo cha mlango, na kipande kikubwa kilicho karibu na sakafu, hutakiwa kiwe cha namna ya usalama, na kile kilichokazwa kwa moto hakikatwi tena baada ya kukazwa. Kioo cha mbele cha motokari ni kazi nyingine kabisa. Kujua mpaka wa uwezo wako ni sehemu ya ufundi. Lakini mtu hawezi kuujua mpaka wa shamba ambalo hajapata kulikanyaga.

Udhuru wa pili hausemwi kwa sauti, nao ndio mzito kuliko yote. Husema: “Kazi ya mikono ni ya walioshindwa na kitabu.” Udhuru huu una historia, na si haki kuucheka bila kuieleza. Mwaka 1909 J. Nelson Fraser aliipelekea serikali ya kikoloni ripoti juu ya elimu ya nchi hii, na shauri lililotoka humo lilikuwa kwamba Wazungu wapewe elimu ya kitabu, na Waafrika wafundishwe kazi za mikono. Tangu hapo kila kabila la watu lilikuwa na shule zake na kipimo chake. Wazee wetu walipoona patasi inaletwa ili kalamu izuiwe, waliikataa patasi wakaidai kalamu. Walifanya vyema. Ningalikuwako, ningalidai pamoja nao.

Lakini fikiri vizuri ni kitu gani walichokikataa. Hawakuikataa kazi, hao ndio waliojenga, waliofua vyuma, waliosuka, waliochonga milango na kuunda majahazi. Walikataa kuambiwa kwamba kazi ndiyo mwisho wao. Uhuru ulikuja mwaka 1963, na kalamu ikaja mikononi mwetu. Mtu aliyezuiwa kula kwa mkono wa kulia, akiisha kuruhusiwa, hana haja ya kuukata wa kushoto. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 ulisisitiza masomo ya ufundi. Mtaala wa umilisi, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, nao umenena habari za kutenda na si kukariri tu. Mitaala hubadilika, na kadibodi bado iko dirishani. Hapana waziri awezaye kuiondoa. Dharau haikai katika mtaala. Hukaa moyoni, na mwenye moyo ndiye awezaye kuitoa.

Udhuru wa tatu huvaa nguo za huruma. Husema: “Nikitengeneza mwenyewe, fundi atakula nini? Vitu vikivunjika watu hupata kazi.” Neno hili ni la zamani, na jawabu lake ni la zamani pia. Mwaka 1850 Mfaransa Frédéric Bastiat aliandika mfano wa mwenye duka ambaye mwanawe amevunja kioo. Majirani wakamfariji kwa kusema kwamba vioo visipovunjika mafundi wa vioo watakufa njaa. Bastiat akajibu kwamba wao wanaona faranga 6 alizopewa fundi, lakini hawaoni viatu au kitabu ambacho mwenye duka angalinunua kwa faranga hizo. Kama kioo kisingalivunjika, angalikuwa na kioo na viatu. Sasa ana kioo tu. Hasara haigeuki faida kwa sababu mtu mmoja ameokota chenji yake.

Wala fundi haishi kwa ujinga wetu. Kazi kubwa zipo, nazo ni nyingi kuliko mafundi. Tena mtu anayemdhulumu fundi bei kwa kawaida ni yule ambaye hajapata kushika patasi, naye hudhani kwamba kazi ni rahisi kwa kuwa mwenziwe aifanya haraka. Aliyekwisha kukiweka kioo kimoja kwa mikono yake hamwiti fundi “wewe” wala hampunguzii ujira wake. Amekwisha jua haraka ile imelipiwa kwa miaka mingapi.

Udhuru wa nne husema: “Nyumba si yangu.” Ni ya mwenye kupangisha, au bweni ni la shule. Ikiwa ni ya mwenye kupangisha, mwambie, mpatane juu ya gharama. Hilo ni haki yako. Lakini wakati mnapatana, ni kifua cha nani kinacholala katika baridi? Na ikiwa ni ya shule, wewe husema ni ya serikali, kana kwamba serikali ilizaliwa na vioo. Baada ya uhuru shule nyingi za sekondari katika Kenya zilijengwa kwa Harambee. Watu walitoa shilingi zao, mbuzi wao, kuku wao, na nguvu za migongo yao. Katika kioo unachokirushia jiwe kwa hasira au kwa mchezo, pengine mna mbuzi wa bibi kizee ambaye hakupata kuingia darasani hata siku moja. Alimwuza ili wewe usome katika nuru.

Mwaka 1982 Wamarekani wawili, James Q. Wilson na George Kelling, waliandika kwamba dirisha moja lililovunjika likiachwa hivyo, mengine yote ya jengo lile huvunjwa upesi, kwa kuwa tundu ni tangazo kwamba hapana ajaliye. Fikira hiyo ilitumiwa katika miji ya Marekani kuwaandama watu kwa makosa madogo, na wataalamu wengi wamelipinga jambo hilo. Mimi simwiti askari. Dirisha lenye tundu halihitaji mtu wa kukamata watu. Lahitaji mtu mwenye puti. Tangazo likisema kwamba hapana ajaliye, jawabu lake bora ni mtu mmoja ajaliye kusimama pale na kulifuta.

Basi, msomaji, insha hii sitaki uipe alama. Nataka leo, kabla jua halijachwa, uizunguke nyumba yenu na kuyahesabu madirisha. Likiwapo tundu, usimwulize mtu nani alilitoboa. Toa kadibodi. Chukua tepu na karatasi, pima mahali patatu, punguza milimita 3. Ikiwa fedha hazipo leo, karatasi yenye vipimo ikae mfukoni mwako mpaka zipatikane, maana nusu ya kazi itakuwa imekwisha fanyika, na mama hatahitaji kupima kwa uzi.

Na kioo kitakapokuwa mahali pake, ukakifuta alama za vidole vyako, simama nyuma yake ndani ya chumba. Utaona nuru inapita na upepo umekatazwa. Keti hapo usome kitabu chako. Hapo ndipo kitabu na mkono hukutana, wala hapana kati yao aliye mtumwa wa mwenziwe.